DISKO HAIJAFA, IMEVAA KANZU MPYA

Wahenga wetu walikuwa watu wa ajabu. Siku moja walikaa wakasema cha kale dhahabu. Siku ya pili wakakaa palepale wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sasa ndugu msomaji, sisi wajukuu tushike lipi na tuache lipi? Katika mambo mengi mtu anaweza kuchagua upande mmoja akatulia. Lakini uko muziki ambao umeamua kuzishika methali zote mbili kwa mpigo, na huo ndio ulionitia kalamu mkononi.

Wanachama wenzangu watakumbuka mjadala wetu wa muhula wa pili, uliokuwa na mada: "Muziki wa mashine umeua utunzi." Wapendekezaji siku hiyo walikuwa moto wa kuotea mbali. Mmoja wao alisimama akauliza, ati mtu akikaa mbele ya kompyuta, akachukua wimbo wa mwenziwe, akauongezea dum-dum-dum, huyo naye ni mtunzi? Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu wa upinzani, na kabla sijafika hata nusu ya hoja zangu mtunza saa akagonga meza. Nikaketi na maneno yangu tumboni kama mtu aliyemeza kokwa la embe. Mlezi wa chama akaniambia, "Basi yaandike." Nami nimeyaandika, na kwa kuwa karatasi haina mtunza saa, naomba mnivumilie hadi mwisho.

Tuanze na majina, maana jina ndilo litakalotuletea taabu huko mbele. Elektropopu ni nyimbo za kawaida za kuimbika, zenye kiitikio kisichotoka kichwani, ila ala zake nyingi si gitaa wala tarumbeta bali sinthesaiza na ngoma za mashine. Nu-disko, yaani disko mpya, ni mtoto wa disko ile ya miaka ya 1970. Ngoma nzito hupigwa pigo baada ya pigo, nne kwa kila kipimo, kiasi cha mapigo 110 hadi 125 kwa dakika. Matoazi huitika katikati ya mapigo hayo, nayo besi hutembea kama mtu aliyepokea mshahara leo asubuhi. Remiksi nayo ni wimbo uliokwisha kurekodiwa, ukavunjwavunjwa, kisha ukajengwa upya na fundi mwingine. Pengine sauti ya mwimbaji itabaki na ala zote zibadilike. Pengine ala zitabaki, zinyoshwe na kurudiwarudiwa mpaka wimbo wa dakika tatu uwe wa dakika tisa.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi hawa ambao hunisisimua kila mara. Huupitisha muziki katika chujio la sauti. Umewahi kuchelewa arusi, ndugu yangu? Ukiwa bado njiani unasikia mvumo wa besi tu, kana kwamba muziki umefunikwa blanketi. Unakaribia, unakaribia, halafu mtu anafungua mlango, na paa! sauti zote zinakumwagikia usoni. Basi fundi wa disko mpya hukufanyia arusi hiyo kwa nusu dakika, nawe umekaa kitako kwenye stuli jikoni kwenu, unamenya viazi.

Wapendekezaji walisema kazi hii ni ya wavivu. Haya, hebu tuiulize historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko New York, bwana mmoja aitwaye Tom Moulton aliona jambo ambalo wengine hawakulijali: wimbo ulikwisha mara tu wachezaji walipoanza kushika moto. Akajifungia na kinasa sauti, akawa anakata na kuunganisha nyimbo kwenye utepe, ili mdundo usikatike hata kidogo. Mwaka 1975 ikatoka albamu ya Gloria Gaynor ambayo upande wake wa kwanza una nyimbo tatu zilizoshikana bila pengo, takriban dakika 19, na mkono uliozishikanisha ni wa Moulton. Hata santuri ile kubwa ya inchi 12 inayopendwa na madijei ilizaliwa kwa bahati mikononi mwake. Siku moja sahani ndogo za inchi 7 zilikuwa zimekwisha, fundi wake José Rodriguez akamkatia wimbo kwenye sahani kubwa zaidi. Mifereji ya sauti ikapata nafasi ya kujitanua, na muziki ukatoka mzito na wa wazi kuliko walivyozoea. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikauza madukani santuri ya namna hiyo, wimbo "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, ambao dijei Walter Gibbons aliukuza kutoka dakika tatu hivi hadi zaidi ya tisa. Kukata utepe kwa wembe, vipande vidogo kama kucha, na kuvibandika bila pigo moja kuteleza, hiyo ni kazi ya mvivu kweli?

Na mashine je? Mwaka 1977, katika mji wa Munich, Ujerumani, Giorgio Moroder na Pete Bellotte walitengeneza na Donna Summer wimbo "I Feel Love". Ukiondoa sauti ya mama huyo na ngoma ya chini, karibu kila unachokisikia kimetoka kwenye sinthesaiza ya Moog. Hapo ndipo mwanadamu na mashine walipofunga ndoa. Mwaka uliofuata Patrick Cowley wa San Francisco akautengenezea remiksi yake inayopita dakika 15, ambayo ilitolewa rasmi mwaka 1982, mwaka uleule aliofariki. Nisikilizavyo wimbo huo, mashine haikumla mwimbaji. Imemtandikia mkeka wa chuma, naye anautembelea peku.

Kisha ikaja siku ya balaa. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio, Steve Dahl, aliwaita watu waje na santuri za disko ili zilipuliwe. Aliyeleta santuri alilipa senti 98 tu kuingia. Watu wapatao 50,000 wakafurika, kreti la santuri likalipuliwa kwa baruti, umati ukavamia uwanja, na mchezo wa pili wa siku hiyo ukavunjika. Kijana mmoja mweusi aitwaye Vince Lawrence alikuwa akifanya kazi uwanjani hapo, akiwaonyesha watu viti vyao. Baadaye alisimulia kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa za disko kabisa, zilikuwa tu nyimbo za watu weusi. Sasa mnaelewa chuki ile ilikuwa imelenga nini.

Lakini ukiufukia moto wa makaa usidhani umeuzima. Mwezi mmoja tu baadaye, Agosti 1979, wimbo "Good Times" wa kundi la Chic, disko tupu, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Na Vince Lawrence? Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders walitoa palepale Chicago santuri ya "On and On", ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya muziki wa hausi. Disko ilichomwa Chicago, na Chicago hiyohiyo ikamzaa mtoto wake.

Haya basi, tuje kwenye kanzu mpya. Mwaka 2013 kundi la Daft Punk la Ufaransa lilitoa albamu "Random Access Memories". Vijana hao waliovaa helmeti za roboti walikuwa hodari wa mashine, lakini safari hii wakawaita wapiga ala wa damu na nyama. Gitaa la "Get Lucky" lilipigwa na Nile Rodgers, yuleyule wa Chic, miaka 34 baada ya "Good Times". Moroder naye akapewa wimbo mzima, akasimulia maisha yake kwa kinywa chake. Januari 2014 albamu hiyo ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Daft Punk walivunja kundi Februari 2021, ila njia waliyoifyeka haikuota nyasi. Machi 2020, dunia ikiwa imefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, Dua Lipa wa Uingereza alitoa "Future Nostalgia", na Agosti ya mwaka huo ikafuata albamu nzima ya remiksi zake, iliyosukwa na dijei The Blessed Madonna. Kumbi za dansi zilikuwa na makufuli, na watu wakacheza sebuleni.

Lakini ukiniuliza mimi, mfano unaomaliza ubishi ni "Cold Heart" wa mwaka 2021. Kundi la Pnau kutoka Australia lilichukua nyimbo nne za mzee Elton John, za mwaka 1972, 1976, 1983 na 1989, likanyofoa kipande hapa na kipande pale, likavishona, kisha Dua Lipa akaimba sehemu yake. Oktoba mwaka huo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Sikilizeni vizuri, jamani. Vipande vile viliimbwa katika miaka mbalimbali, na mwenyewe hakujua kwamba siku moja vitakutana. Aliyegundua kwamba vinajuana ni fundi. Huo si utunzi? Mshonaji wa kitambaa cha viraka hakufuma hata uzi mmoja, lakini anajua rangi gani ikae na rangi gani. Na wenye kutoa Grammy wanayo tuzo maalumu ya remiksi, ambayo mwaka 2023 ilimwendea Mjerumani ajiitaye Purple Disco Machine kwa kuutengeneza upya wimbo "About Damn Time" wa Lizzo.

Msidhani haya ni mambo ya ng'ambo peke yake. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii hotelini, ilitoa "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka 1983 Boney M., kundi la disko lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, likatoa wimbo wake uliojengwa juu ya huo, na Kiswahili cha pwani yetu kikaingia kwenye kumbi za Ulaya kikiwa kimevaa viatu vya kung'aa. Hapa Nairobi nao vijana wa Just a Band walitengeneza elektroniki yenye harufu ya nyumbani. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2008, na Machi 2010 filamu ya wimbo wao "Ha-He" ikamtembeza Makmende kote mtandaoni, mpaka Wakenya wakawa wanashindana kumtungia vituko. Shujaa wa mitaani wa zamani, mdundo wa kompyuta wa leo. Cha kale na kipya, chungu kimoja.

Hadi hapo nadhani nimewajibu wapendekezaji. Lakini sitaki kuwa kama wakili anayetetea hata kisichoteteka. Liko jambo moja ambalo walilisema kwa mzaha, na mimi nalichukua kwa uzito: "wimbo wa mwenziwe". Hapo ndipo penye kidonda chenyewe.

Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kameruni alitoa "Soul Makossa", upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa nchini kwake. Dijei David Mancuso akaiokota New York, akaipiga kwenye karamu zake, watu wakachanganyikiwa, na mwaka 1973 wimbo ukafika nafasi ya 35 kwenye orodha ya Marekani. Kwa hiyo mmoja wa mababu wa disko ni Mwafrika, tena saksafoni mkononi. Miaka kumi baada ya "Soul Makossa" kutoka, kiitikio chake kikasikika ndani ya wimbo wa Michael Jackson katika albamu "Thriller", bila ruhusa ya mwenyewe. Wakaelewana nje ya mahakama. Mwaka 2007 kikasikika tena kwa Rihanna, ruhusa ikiwa imetoka kwa Jackson wala si kwa Dibango, naye mwaka 2009 akaenda mahakamani Paris akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Alifariki Machi 2020 kwa korona. Kiitikio chake dunia nzima inakijua. Waulizeni wanaokiimba wangapi wanalijua jina lake.

Sasa mtaniuliza, wewe mwanafunzi wa kidato cha tatu, haya yanakuuma nini? Yananiuma kwa sababu yameingia nyumbani kwetu.

Kaka yangu ni fundi wa simu. Mchana hutengeneza simu za watu, usiku hutengeneza midundo kwa kompyuta kuukuu ambayo herufi mbili hazibonyezeki. Mwaka juzi alikwenda kumwona nyanya yetu huko milima ya Taita, akamrekodi kwa simu akiimba wimbo wa kutwanga. Nyanya ana desturi moja. Kabla hajaimba wimbo wowote husema kwanza jina la aliyemfundisha. Wimbo huo alifundishwa na dada yake mkubwa, ambaye sisi hatukumkuta. Basi kaka akauwekea wimbo ngoma ya mashine, mapigo 118 kwa dakika, na besi ya kutembea, na lile chujio la mlangoni nililowaeleza. Lakini hakuligusa jina. Remiksi yake inaanza kwa sekunde sita bila ala yoyote, ni sauti ya nyanya tu, akimtaja dada yake. Ndipo ngoma inapoingia.

Tulimsikilizisha nyanya kwa vichwasikizi. Akakunja uso, akasema, "Mbona mmenipa mbio hivi, kuna nani ananifukuza?" Tukacheka. Kidogo nikauona mguu wake unagonga sakafu. Wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha tena." Akausikiliza mara nne, bwana, mpaka betri ikalalamika.

Kaka akauweka mtandaoni, majina yote yakiwa yameandikwa. Baada ya miezi michache nikapanda matatu kurudi shule, na mle ndani, katikati ya santuri mchanganyiko za dijei, nikamsikia nyanya. Moyo uliniruka, nusura niwaambie abiria huyu ni nyanya yangu! Kisha nikagundua kitu. Wimbo ulianza na ngoma. Zile sekunde sita zilikuwa zimekatwa. Tulipotafuta tukaukuta mtandaoni chini ya jina la mtu mwingine kabisa. Kaka akamwandikia kwa adabu zote. Jibu alilopata lilikuwa sentensi moja: "Wimbo wa kijijini hauna mwenyewe."

Hauna mwenyewe! Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwaka 2016 ikatungwa nyingine mahususi ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jadi za jamii zetu. Maana yake hata wimbo usiojulikana mtunzi wake una wenyewe, nao ni jamii iliyoulea. Lakini kaka ni fundi wa simu, na wakili hulipwa. Mpaka ninapoandika haya hajapata shilingi wala samahani. Kuna wiki nzima hakuifungua kompyuta ile.

Nyanya alipopewa habari hakugomba. Alinyamaza kwanza, halafu akasema kwa Kitaita maneno ambayo nayafasiri hivi: wimbo ni kibuyu cha kuazima. Chota maji, kunywa, wape na wengine wanywe, ila usisahau ulikiazima mlango gani. Akaongeza, "Mimi sikukasirika walivyonikimbiza. Nimekasirika walivyomtoa dada yangu."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hoja yangu niliyokatizwa na mtunza saa, na nyanya asiyejua nu-disko ni mnyama gani ameisema vizuri kuliko mimi. Fundi wa remiksi na mwizi wa nyimbo wanatumia kompyuta ileile, programu ileile, mdundo uleule. Ukiwaona kazini huwezi kuwatofautisha. Kati yao kuna sekunde sita tu. Mmoja ameziacha, mwingine amezikata. Pnau walivishona vipande vya Elton John na jina lake likakaa pale juu. Daft Punk walimwita Moroder mwenyewe aje aseme. Hao wamechota maji na mlango wanaujua. Kwa hiyo mashine haiui utunzi, kinachouua ni kisu kinachokata jina.

Mjadala ule tulishindwa kwa kura chache, wala sikatai. Lakini nina pendekezo kwa chama, na safari hii naomba liungwe mkono na pande zote mbili. Katika tafrija yetu ya kufunga mwaka, dijei asicheze wimbo wowote kabla ya kutaja kwa Kiswahili majina mawili: aliyeutunga na aliyeutengeneza upya. Haitachukua muda, nimepima kwa saa. Aliyetaka kucheza atacheza tu, na miguu haitapoa kwa kusubiri kidogo hivyo. Na wale mnaotengeneza midundo likizoni, maana nawajua mko wengi na mnajificha, rekodini wazee wenu mapema, tena muwaulize wao waliimbiwa na nani.

Kaka ameshaifungua tena kompyuta. Ananiambia anatengeneza remiksi ya pili ya nyanya, na kwamba mara hii jina la yule dada halitakaa mwanzoni. Amelisuka katikati ya mdundo, kila baada ya mapigo 32, mahali ambapo ukilikata wimbo wote unaanguka.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Wa kunijibu na anijibu, kurasa za mwakani zipo.